Chakula, mazoezi na mizani ya nishati kwa vijana balehe: maswali ya walimu wa michezo na majibu yake

Somo la michezo ndilo somo pekee ambalo mwili wa mwanafunzi ndio kitabu chenyewe. Ndiyo maana maswali ya chakula, unene na nguvu huibukia uwanjani kabla hayajafika kwenye darasa la biolojia. Yaliyo hapa chini huulizwa sana na walimu, na mengine huulizwa na wanafunzi wenyewe kipindi kikiisha. Majibu yanawahusu vijana wa miaka 10 hadi 19.

Mizani ya nishati ni nini?

Ni uhusiano kati ya nishati inayoingia mwilini kwa kula na kunywa, na ile inayotumika. Inayoingia hupimwa kwa kilokalori, ambazo watu wengi huziita kalori tu. Gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4 hivi, protini vilevile 4, na mafuta 9.

Inayotoka hutoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuendesha mwili hata ukiwa umelala: moyo, ubongo, ini, figo, mapafu, joto la mwili. Kwa watu wengi hiyo peke yake hula asilimia 60 hadi 70 ya nishati ya siku, jambo ambalo huwashangaza wanafunzi kila mara, kwa kuwa wao hudhani nishati hutumika uwanjani tu. Ya pili ni kumeng'enya chakula chenyewe, asilimia 10 hivi. Inayobaki ni mwendo wote: kutembea, kupanda ngazi, kufua, kucheza mpira.

Kwa mtu mzima, kinachoingia kikilingana na kinachotoka, uzito hutulia. Kwa kijana hali ni tofauti, na hapa ndipo masomo mengi hupotea njia. Kijana hatakiwi kutulia. Anatakiwa kuongezeka urefu, mifupa, misuli na damu, na msichana pia mafuta ya mwili kwa kiasi cha kawaida cha balehe. Uzito wake kupanda mwaka hadi mwaka si kosa linalotafutiwa dawa. Mwalimu anayechora mizani iliyosawazika kabisa na kuwaambia watoto wa miaka 13 kwamba hiyo ndiyo afya, amewachorea mtu mzima.

Basi kijana anahitaji kalori ngapi kwa siku?

Inategemea umri, jinsia, ukubwa wa mwili, hatua ya balehe na shughuli zake. Tuchukue mfano. Kwa hesabu inayotumika sana na wataalamu wa lishe, mvulana wa kilo 50 hutumia takribani kilokalori 1,540 kwa siku akiwa amepumzika tu, na msichana wa uzito huohuo takribani 1,360. Ukiongeza shughuli za siku, kiwango hicho huzidishwa kwa 1.5 hivi kwa anayeshinda amekaa, hadi karibu 2 kwa anayecheza sana. Mvulana huyo basi yuko kati ya 2,300 na 3,100, na msichana kati ya 2,000 na 2,700.

Pengo ni kubwa, na ndilo somo lenyewe. Wanafunzi wawili wa uzito mmoja waliokaa dawati moja wanaweza kutofautiana mlo mzima, na wote wakawa sawa. Sishauri kumpa mwanafunzi namba yake kama lengo la kufikia kila siku. Namba ni ya kuelewesha. Anayemwongoza kijana mwenye afya ni njaa yake, milo ya kueleweka, na kukua kwake kunavyokwenda.

Nifundisheje nishati bila kipindi kugeuka hesabu ya kalori?

Anza na kitu kinachoshikika. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100. Mpe mwanafunzi chupa tupu ya mililita 500, asome lebo mwenyewe, apige hesabu: gramu 50. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4. Sasa achote sukari kijiko baada ya kijiko aimwage kwenye karatasi nyeupe mbele ya wenzake. Akifika kijiko cha sita watu wanacheka. Akifika cha kumi wananyamaza. Atafika kumi na mbili na nusu.

Hapo ongeza kipimo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari za kuongezwa, pamoja na zile za asali na juisi, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50. Chupa moja imemaliza fungu lote.

Kisha linganisha na mwendo, kwa tahadhari. Gramu 50 za sukari ni kilokalori 200. Mtu wa kilo 50 akitembea kwa mwendo wa kawaida wa haraka kidogo, hutumia takribani 175 kwa saa. Chupa inayonyweka kwa dakika tano ni zaidi ya saa moja ya kutembea, na haina protini, chuma wala nyuzinyuzi. Wanachopaswa kuondoka nacho ni kwamba nishati ya kinywaji huingia kirahisi kuliko inavyotoka, na kwamba haikuleta kitu kingine.

Kwa hiyo aliyekula keki nimwambie akimbie mizunguko ya kuifuta?

Hapana. Huo ndio mtego niliosema uchukuliwe kwa tahadhari. Ukishamfundisha kijana kwamba mazoezi ni malipo ya dhambi ya kula, umemharibia vyote viwili: atakula kwa hofu na atakimbia kwa chuki. Baadhi ya vijana huanza hivyohivyo safari ya kujinyima chakula au kufanya mazoezi kupita kiasi. Kwa sababu hiyohiyo, kumkimbiza mwanafunzi uwanjani kama adhabu ya kuchelewa ni kumfundisha kwamba kukimbia ni adhabu. Somo hilo hulielewa vizuri sana.

Mazoezi ya kiasi gani yanatosha?

WHO inashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za nguvu ya wastani hadi kubwa, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na shughuli za nguvu kubwa pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Uchambuzi wa takwimu za dunia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanafunzi 81 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana.

Kipimo cha nguvu hakihitaji saa ya kidijitali. Kama anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, hiyo ni ya wastani. Kama anaishia maneno machache ndipo avute pumzi, hiyo ni kubwa.

Vipindi vya michezo peke yake haviwezi kuzifikia dakika hizo, lakini chunguza kwanza kipindi chako mwenyewe. Mteue mwanafunzi mmoja kimyakimya, si yule nyota wa timu, umfuatilie kwa saa ya kawaida: ametembea au kukimbia dakika ngapi hasa? Mara nyingi utamkuta amesimama kwenye foleni ya wanafunzi kumi na tano, mpira ni mmoja, zamu yake ya kupiga golini huisha kwa sekunde nne, halafu anarudi nyuma ya foleni. Kipindi cha dakika 40 kinaweza kumpa dakika chache mno za mwendo. Wagawe watatu kwa watatu kwenye viwanja vidogo. Kama mipira haitoshi, kundi moja licheze, jingine liruke kamba, la tatu lifanye pushapu na kuchuchumaa, kisha wabadilishane.

Nikitoka jasho jingi, mafuta yanayeyuka?

Jasho ni maji na chumvi. Kazi yake ni kupoza mwili. Uzito uliopungua baada ya mazoezi kwenye joto unarudi ukinywa maji. Mafuta yanapotumika, mwili huyageuza kuwa hewa ya kaboni dioksidi na maji, na sehemu kubwa, asilimia 84 kwa uzito, hutoka kwa pumzi. Kuvaa makoti mazito au mifuko ya plastiki ili kupungua ni hatari tupu. Vilevile, kukunja tumbo mara mia hakuondoi mafuta ya tumboni pekee. Kunaimarisha misuli iliyo chini yake.

Kunyanyua vyuma hudumaza urefu?

Hapana. Mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri, kwa uzito unaomfaa kijana na mbinu sahihi, hayadumazi. Kinachoumiza ni kushindana nani kanyanyua zaidi bila msimamizi.

Anayefanya mazoezi sana anahitaji unga wa protini?

Kwa kawaida hapana. Maharage na jamii nyingine za kunde, mayai, maziwa, samaki na nyama vinatosha. Ila kuna jambo huwa halisemwi: protini hujenga pale tu nishati inapotosha. Kijana anayekata wanga wote huku akinywa protini ili apate misuli, mwili wake utaigeuza protini hiyo kuwa nishati. Ni sawa na kuchoma mbao za paa ili upate moto wa kupikia.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini havimfai kijana, kabla wala baada ya mazoezi. Kwa mazoezi yasiyozidi saa moja maji yanatosha.

Wasichana wangu huchoka mapema. Ni uvivu?

Usianzie kwenye uvivu. Msichana aliyeanza hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi huku mwili ukiyahitaji pia kwa kukua. Upungufu wa chuma huleta uchovu, kukosa pumzi kwa kazi ndogo na kuumwa kichwa. Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kirahisi zaidi. Cha kunde na mboga za majani husaidiwa na vitamini C, kwa mfano chungwa pamoja na mlo. Chai na kahawa hupunguza ufyonzwaji, kwa hiyo zinywewe mbali na chakula. Anayeonyesha dalili hizo apimwe damu kwenye kituo cha afya, asinunue vidonge kwa kubahatisha.

La pili ni zito zaidi. Msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo anaweza kukosa hedhi, na wanamichezo wengine hulipokea hilo kama nafuu. Si nafuu. Ni ishara kwamba mwili umekosa nishati na umeanza kufunga shughuli zinazoweza kusubiri. Homoni zikishuka, mifupa hudhoofika wakati uleule inapotakiwa kuwekeza: hadi asilimia 90 ya kilele cha uzito wa mifupa hufikiwa karibu na miaka 18 kwa msichana na 20 kwa mvulana. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo, na ikasisitiza kwamba wavulana nao huupata. Aliyekosa hedhi miezi 3 mfululizo, au aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, amwone daktari.

Niwapime uzito darasani ili wajue hali zao?

Usifanye hivyo mbele ya wenzao, na usibandike matokeo. Hata kipimo chenyewe hupotosha kikisomwa vibaya. Uwiano wa uzito na urefu (BMI) kwa mtu mzima una mipaka ya 25 kwa uzito uliozidi na 30 kwa unene uliokithiri, lakini kwa kijana mipaka hiyo haitumiki. Husomwa kwenye chati za umri na jinsia. WHO ilitoa za miaka 5 hadi 19 mwaka 2007. Namba ileile inaweza kuwa ya kawaida kwa msichana wa miaka 17 na kuwa unene uliokithiri kwa wa miaka 9. Tena kijana anaweza kunenepa kidogo kabla ya kurefuka ghafla, na mtu asiyejua akamwanzishia mlo wa kupungua.

Kama ni lazima upime kitu, pima kinachoweza kuboreshwa kwa mazoezi na kisichomwaibisha mtu: mapigo ya moyo kabla ya kukimbia na dakika mbili baada ya kusimama. Kila mmoja ajilinganishe na rekodi yake ya muhula uliopita.

Wengine huja bila kula chochote asubuhi. Washiriki?

Mazoezi mepesi, ndiyo. Akisema anasikia kizunguzungu, akae kivulini, apate maji na kitu cha kula, na usimwite mdekezi. Kabla ya kipindi kikali kinachofaa ni mlo wa kawaida saa 2 au 3 kabla, au tunda na kipande cha mkate karibu na muda. Uliza kwa faragha kwa nini hakula. Mmoja amechelewa kuamka kwa sababu alilala saa tano usiku akiwa kwenye simu, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mwingine nyumbani hakukuwa na chakula. Huyo wa pili hahitaji mada ya lishe bora. Anahitaji shule itafute njia ya kumlisha.

Nitajuaje kwamba mwanafunzi ana tatizo na chakula, na nimwambie nini?

Angalia mambo yakijikusanya: anakwepa kula mbele ya watu, anakwenda chooni mara tu baada ya mlo, anafanya mazoezi hata akiwa ameumia, anavaa nguo nzito kwenye joto, uzito umeshuka haraka, anajisema mwili wake kwa maneno makali. Wavulana wamo pia, hasa wanaotaka misuli kwa haraka.

Mwite pembeni. Usitaje uzito wala umbo lake, hata kwa kusifu; "umependeza, umepungua" ni sentensi inayoweza kumsukuma mbele zaidi. Sema ulichokiona: "Wiki hizi naona unachoka kabla ya wenzako na huli na sisi. Nina wasiwasi na wewe. Nani nyumbani ungependa tuongee naye?" Kisha mpeleke kwa mshauri wa shule au muuguzi na wazazi wahusishwe. Akizimia, akiwa na maumivu ya kifua, au akisema anataka kujidhuru, usisubiri kesho. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.