Monita ya stejini ni nini, na ampu ya gitaa inaingiaje hapo

Ile spika iliyo chini pale stejini, imelala mshazari ikimwangalia mwimbaji badala ya watu, ndiyo monita. Kazi yake ni bendi ijisikie basi. Zile kubwa za mbele zinawapigia watu, na wewe uliye nyuma yake unapata besi imevimba tu na sauti inayorudi kutoka ukuta wa mwisho, na huo ukuta ukiwa mita 17 mbele yako sauti inakurudia imechelewa kama sehemu ya kumi ya sekunde, ukiifuata hiyo lazima uburute mdundo.

Kwenye miksa, ile meza ya vitufe ya fundi wa sauti, monita ina njia yake peke yake, inaitwa oksi, ndio maana mwimbaji anaweza kuongezewa sauti yake na kinanda kidogo bila watu wa mbele kusikia tofauti yoyote. Zamani hakukuwa na raha hii, bendi ya Beatles walipiga uwanja wa Shea Stadium kule New York Agosti 1965, watu zaidi ya 55,000 wanapiga mayowe, na monita hakuna.

Sasa gitaa, hapo ndipo penye vita. Ampu, yaani lile sanduku la spika linalokuza sauti ya gitaa, inamwaga sauti yake stejini moja kwa moja, haimwombi fundi ruhusa, na zile sauti kali za juu zinatoka katikati ya spika zimenyooka kama mwanga wa tochi. Mpigaji amesimama hatua moja mbele, ampu iko sakafuni, ule ukali wote unampita magotini, yeye huku juu anasikia gitaa butu, basi anaongeza trebo, yaani zile sauti za juu, anaongeza volyumu, na mzee wa watu aliyekaa meza ya mbele ndiye anayechomwa masikio. Mwimbaji naye hajisikii tena, anaomba monita ipande, monita inaingia kwenye maiki, maiki inairudisha kwa monita, na ule mluzi unaanza. Fundi analaumiwa bure wakati chanzo ni ampu!

Iinueni jamani. Iwekeni juu ya kreti ya soda, muilaze nyuma kidogo iangalie sikio la mpigaji, mtaona mwenyewe anapunguza bila kugombezwa. Na msitishwe na wati, ampu ya 30 kwa ya 15 tofauti ni desibeli 3 tu kwa kipimo cha ukubwa wa sauti, haiwi kelele mara mbili, hiyo ndogo inatosha kabisa ukiiwekea maiki mbele halafu fundi ndiye awapelekee watu.

Hapa Malindi cheza na mahali pia. Hoteli za ufuoni zenye paa la makuti na pande wazi sauti inatoka ikaenda zake, monita unaweza kuipandisha kiasi. Ukumbi wa harusi wa simiti na vigae kila kitu kinakurudia, pale anza kwa kushusha ampu kabla hujagusa monita.

Na maiki yenyewe. Shure SM58, ile maiki ya waimbaji, haisikii vizuri kwa nyuma yake, kwa hivyo monita ikae mbele ya mwimbaji sawasawa, kule mkia wa maiki unakoelekea. Lakini mwimbaji akikifumbata kile kichwa cha wavu kwa kiganja, kama wanavyopenda vijana wa kurap na MC wa harusi, maiki inaanza kusikia pande zote na mluzi unarudi hata kama kila kitu kingine mmekipanga sawa, mwambieni ashike chini kwenye mpini.