Lahaja za programu moja: maana ya familia ya bidhaa katika uhandisi wa programu

Chukua programu inayoendesha lifti. Lifti ya jengo la ofisi, ya hospitali na ya ghala la mizigo zote hufungua na kufunga mlango, hupima uzito na kukumbuka vitufe vilivyobonyezwa. Lakini ya ofisi husoma kadi kabla ya kukupandisha, ya hospitali ina ufunguo wa kuiita papo hapo mgonjwa anapokimbizwa kwenye upasuaji, na ya ghala haihitaji sauti ya kutaja ghorofa. Je, hizo ni programu tatu au moja?

Wazo linalomjia kwanza mwandishi wa programu ni kunakili. Mteja wa pili akija, msimbo wa mteja wa kwanza unanakiliwa, unarekebishwa hapa na pale, na kazi inakwisha mapema. Kwa bidhaa mbili, naiona kuwa njia ya busara. Taabu huanza siku kasoro inapogunduliwa katika upimaji wa uzito, wakati nakala zimeshafika saba. Kasoro ni moja, marekebisho ni saba, na katika nakala ya nne sehemu hiyo imekwisha kuandikwa upya kiasi kwamba haijulikani tena kama kasoro imo au haimo. Mtu anapaswa kuisoma yote kutoka mwanzo.

Familia ya bidhaa za programu ni jibu la taabu hiyo. Ni kundi la programu zinazofanana kwa sehemu kubwa, zinazojengwa kutoka hazina moja ya vijenzi, yaani vipande vya programu vinavyotumika tena na tena, huku tofauti zao zikiwa zimepangwa mapema na kuandikwa mahali pamoja. Sehemu ya mwisho ndiyo ninayoomba msomaji aishike, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Hazina ya vijenzi peke yake haitoshi. Kijenzi cha mlango kisichosema kinaweza kutofautiana wapi kitanakiliwa na kukatwakatwa kama msimbo mwingine wowote.

Mawazo haya yana umri. Mwaka 1968, katika mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika Garmisch nchini Ujerumani, mtaalamu wa kompyuta Douglas McIlroy alitaka programu zijengwe kwa vijenzi vinavyozalishwa kwa wingi, kama viwanda vingine vinavyofanya. Mwaka 1976 mtaalamu mwingine, David Parnas, alieleza familia ya programu: kundi ambalo inafaa kulichunguza kwa kuanza na yale yanayofanana, kisha ndipo utazame kinachoitenga kila moja. Mwaka 1990 Kyo Kang na wenzake, katika taasisi ya uhandisi wa programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walitoa mti wa vipengele, yaani mchoro wa sifa ambazo kila bidhaa inaweza kuwa nazo au kuzikosa, ambao hadi leo ndio mchoro unaotumika zaidi katika kazi hii.

Kabla ya mti huo, tutenganishe maneno mawili. Toleo ni programu ileile kadiri muda unavyokwenda. Jipya likitoka, la zamani huachwa. Lahaja huishi sambamba na nyingine, kama zilivyo lahaja za lugha, wala haiji kuiondoa mwenzake. Timu inayohifadhi lahaja kama matawi ya kudumu, yaani nakala za msimbo zinazoendelezwa kando kando, katika mfumo wa kutunza matoleo imechanganya mambo hayo mawili, na kila rekebisho litahitaji kuhamishwa tawi kwa tawi.

Katika mti wa vipengele, shina ni lifti. Matawi mengine ni ya lazima: mlango, upimaji wa uzito. Mengine ni ya hiari: kadi, sauti. Mengine ni ya kuchagua moja tu: injini ya kamba au ya mafuta yenye shinikizo. Juu ya hayo huandikwa masharti, kwamba kipengele hiki kinahitaji kile, au viwili hivi havipatani. Kila mahali penye uchaguzi ni njia panda, na kwa kila njia panda lazima iamuliwe shauri litakatwa lini: msimbo unapojengwa, lifti inapofungwa kwenye jengo, au inapokuwa kazini. Kadiri shauri linavyocheleweshwa, ndivyo bidhaa inavyobadilishika kwa urahisi, lakini ndivyo msimbo usiotumika unavyobebwa ndani yake.

Kiini cha Linux, sehemu ya msingi ya mfumo huo wa kuendesha kompyuta, ni mfano wa wazi. Kina zaidi ya chaguo 10,000 zilizoandikwa kwa lugha yake maalumu, Kconfig, na sehemu nyingi zinaweza kujengewa ndani, kuwekwa pembeni kama moduli ya kupakiwa baadaye, au kuachwa kabisa. Ndiyo maana msimbo mmoja huendesha simu na pia kompyuta kubwa za utafiti.

Wingi huo una gharama. Vipengele 33 tu vya hiari visivyofungwa na sharti lolote huzaa lahaja zaidi ya bilioni 8.5, nyingi kuliko idadi ya watu duniani. Hakuna atakayezijaribu zote. Wahandisi hutumia programu za mantiki kuhakikisha kwamba masharti ya mti hayapingani, kisha huchagua bidhaa chache ambazo kwa pamoja zinakutanisha kila jozi ya vipengele angalau mara moja.

Kwa nini jozi? Kwa sababu vipengele viwili vilivyo vizima vinaweza kugombana vikikutana. Ufunguo wa hospitali unaagiza lifti iende ghorofa ya upasuaji. Kengele ya moto inaagiza ishuke chini na kufungua milango. Kila kijenzi kimepimwa peke yake na kufaulu, lakini hakuna kinachojua nani mkubwa. Uamuzi huo hauna kwao ndani ya kijenzi chochote kati ya hivyo viwili. Lazima uandikwe kwenye mti au kwenye kijenzi cha tatu, na awepo mtu mwenye jukumu la kuuandika.

Ndiyo sababu kazi hugawanywa: kundi moja hutunza hazina, jingine huunda bidhaa za wateja kutokana nayo. Kundi la pili likikuta upungufu, hulirudishia la kwanza badala ya kurekebisha kimyakimya kwenye bidhaa yake. Hapo ndipo nimeona familia nyingi zikivunjika, kwa sababu mteja anasubiri na njia ya kunakili iko wazi daima.