Sauli alikosa wapi? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, alikataliwa na Mungu kwa kuwa alitoa sadaka na hakuwa kuhani.

Hapa wengi wanamchanganya na Uzia, mfalme wa Yuda. Uzia ndiye aliyeingia hekaluni kufukiza uvumba. Makuhani 80 wakamkabili, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso (2 Nyakati 26). Daudi alitoa sadaka za kuteketezwa mbele ya sanduku la agano, Sulemani akatoa 1,000 Gibeoni, na hatusomi kwamba walikemewa.

Kosa la Sauli linaanzia 1 Samweli 10:8: angoje Gilgali siku 7 hadi nabii Samweli aje amwonyeshe la kufanya. Siku 7 alizingoja kweli. Wafilisti wamejaa Mikmashi, askari wanamponyoka, mwisho wakabaki kama 600. Akaagiza sadaka ya kuteketezwa na za amani. Ile ya kwanza imekwisha tu, Samweli huyo! Kwa hesabu za vita Sauli alikuwa na hoja, na ndiyo maana sura ya 13 inauma.

Dhana: kondoo wa Waamaleki aliwabakiza kwa ajili ya ibada.

Hayo ni maneno yake. Aliagizwa awaangamize Waamaleki na mifugo yao yote. Sura ya 15:9 inasema kilichonona kilibakizwa, kinyonge kikaangamizwa. Tena alikuwa ameshajijengea mnara Karmeli. Alipobanwa alikiri: aliwaogopa watu.

Dhana: "Najuta" maana yake Mungu alikosea kumchagua.

Sura hiyohiyo, mstari wa 11, Mungu anasema anajuta. Mstari wa 29, Samweli anasema hajuti. Kitenzi cha Kiebrania ni kilekile. Mwandishi hakujisahau: kwanza ni huzuni juu ya mtu aliyeacha kumfuata Mungu, kisha ni kukataa kutengua hukumu, wakati pindo la joho la Samweli limeshachanika mkononi mwa Sauli.

Dhana: alivuliwa ufalme siku ileile.

Hukumu ya Gilgali ilisema ufalme wake hautadumu. Ya pili ilimkataa yeye mwenyewe. Lakini kitini alibaki. Daudi, akiwa ameshapakwa mafuta awe mfalme, alimpigia kinubi, kisha akamkimbia. Mara mbili alimpata pa kummalizia: pangoni En-gedi alikata pindo la vazi, kambini akachukua mkuki na gudulia la maji, akaondoka. Sauli akafia Gilboa pamoja na wanawe 3. Hata hapo Daudi alitawala Yuda tu, miaka 7 na miezi 6 akiwa Hebroni, huku Abneri, jemadari wa Sauli, akimtawaza Ishboshethi mwana wa Sauli juu ya Israeli.