Nani Kasema?

Nilipokuwa mchungaji kijana, binti mmoja alinyoosha mkono katikati ya kipindi cha Biblia, akauliza kwa nini tunaamini fundisho fulani. Nikamjibu, "Kanisa linafundisha hivyo." Akanyamaza, nami nikadhani ameridhika. Wiki iliyofuata hakuja, wala hakurudi tena. Sasa nafundisha wanaojiandaa kwa uchungaji, na jibu lile ndilo ninaloanza nalo: lilikuwa kweli tupu, na halikumsaidia kitu.

Kuna wakati lingetosha, kwa sababu mimbari ilikuwa na uzito kabla mhubiri hajafungua kinywa. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard, katika ripoti aliyoandika kwa ombi la baraza la vyuo vikuu la Quebec, alieleza kile wasomi wanachokiita usasabaadaye: ni kutoziamini tena simulizi kuu, zile zinazojidai kuhalalisha maarifa yote. Viongozi wengi wa kanisa wakisikia hivyo huona wamelengwa wao. Lakini simulizi alizozishughulikia zaidi ni za usasa wenyewe, hasa ile ahadi kwamba akili na maarifa vitamkomboa binadamu. Ahadi hiyo ilikuwa mshindani wetu wa siku nyingi, kwa hiyo sioni kwa nini tukae matanga.

Kilichobadilika ni swali. Mtu wa usasa aliuliza, "Una ushahidi gani?" Tukamwandalia hoja, nyingine nzuri sana. Wa leo anauliza, "Nani kasema, na anafaidika nini nikimwamini?" Hapo hoja peke yake haifui dafu. Anataka kuona hesabu za sadaka zikisomwa hadharani, wazee wa kanisa wanaoweza kumwambia mchungaji "hapana" na wakabaki wazee, na kiongozi anayekiri kosa kabla halijafichuliwa na wengine.

Wapo wenzangu wanaotibu hali hii kwa taa na moshi wa jukwaani. Sina ugomvi na taa; nami napenda kumwona anayehubiri. Ila watu waliokulia katikati ya matangazo hulinusa tangazo likiwa bado mlangoni.

Lesslie Newbigin alikwenda India kama mmisionari mwaka 1936. Aliporudi Uingereza mwaka 1974 alikuta nchi iliyomtuma imekuwa yenyewe shamba gumu la umisheni. Alishikilia kwamba kinachoifafanua Injili mbele ya jamii ya namna hiyo ni usharika wa watu wanaoiamini na kuiishi. Naona hapo alipiga penyewe, ingawa ni neno zito kwa mchungaji aliyezoea kuwa sauti pekee.

Basi ukweli upigiwe kura? Hapana. Soma Matendo 17. Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimsikia Paulo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Mtume mzima anakaguliwa, na Luka anawaita wakaguzi hao waungwana! Mbele kidogo Paulo yuko Athene: anaanzia kwenye madhabahu yao ya mungu asiyejulikana, anawanukulia washairi wao, halafu anautaja ufufuo bila kuupunguza makali. Wengine wakadhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, baadhi wakaamini. Hakuna mahali anapolalamika kwamba wasikilizaji wa siku hizi wameharibika.

Wanafunzi wangu nawapa zoezi. Ukimaliza kuhubiri, shuka, kaa kwenye kiti mbele ya wenzako nusu saa, uulizwe lolote. Mstari wa Biblia usiwe ngao ya kukwepea swali, na "sijui" inaruhusiwa. Wao hujiandaa kwa maswali ya Utatu, kwa mateso ya wasio na hatia, kwa dini nyingine. Linalowatoa jasho ni jepesi kuliko hayo yote: "Wewe, ni nani anayekukemea?"