Gari la umeme Uingereza: kwanza niambie unalilaza wapi

Kila penye shughuli ya Waswahili hapa Uingereza, iwe arusi Leicester au hitima Reading, lazima atokee mtu wa kunivuta kando aniulize kuhusu gari langu. "Ndugu yangu, hilo la umeme linalipa kweli?" Nami humrudishia swali: usiku unalilaza wapi? Una nafasi mbele ya mlango wako, unaliacha barabarani, au unaishi fleti ya ghorofa ya sita na maegesho yanamilikiwa na mwenye jengo? Jibu lake ndilo hubeba karibu hesabu yote. Mengi yanayosemwa juu ya magari haya, ya kuyasifu na ya kuyaponda, ni kweli kwa mtu mmoja na si kweli kwa jirani yake wa ng'ambo ya barabara.

"Kuchaji ni nafuu kuliko petroli"

Tuchukue mtu anayeendesha maili 8,000 kwa mwaka. Gari la umeme la kawaida hutembea kama maili tatu na nusu kwa uniti moja ya umeme (kilowati-saa), kwa hiyo atahitaji uniti 2,300 hivi. Akiwa na chaja nyumbani na mkataba wa umeme wa usiku, ambao kampuni kadhaa huuza uniti kwa peni 8 hivi katika saa za usiku wa manane, mwaka mzima atalipa kama pauni 185. Akichaji hapohapo nyumbani kwa bei ya kawaida, tuseme peni 27, itakuwa pauni 620. Sasa mhamishie kwenye fleti isiyo na maegesho, ategemee chaja za haraka za kando ya barabara kuu na za supamaketi, ambako uniti moja mara nyingi huuzwa peni 75 au zaidi. Bili yake inaruka hadi pauni 1,700 na ushei.

Gari la petroli linalokwenda maili 40 kwa galoni lingekunywa lita 910 kwa safari hizohizo. Petroli ikiwa pauni 1.35 kwa lita, ni kama pauni 1,230. Yaani gari lilelile, dereva yuleyule, barabara ileile: huyu anaokoa zaidi ya pauni elfu moja, yule anapata hasara ya karibu pauni mia tano. Kilichowatofautisha ni mahali pa kulaza gari tu.

Kodi nayo inaongeza uzito upande uleule. Umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5, ilhali ule wa chaja za umma umekuwa ukitozwa asilimia 20. Asiye na uwanja mbele ya nyumba, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, ndiye anayekamuliwa zaidi kwa kila uniti. Hili linaniuma, kwa sababu watu wetu wengi hapa ni wapangaji.

Lakini asiye na uwanja hajafungiwa milango yote. Katika mitaa mingi ya London, na katika miji mingine pia, nguzo za taa za barabarani zimetiwa soketi za kuchajia. Ni za polepole, hazizidi kilowati 5 hivi, lakini bei yake huwa chini kuliko ya chaja za haraka, na gari hukaa hapo usiku kucha likinywa taratibu. Baadhi ya halmashauri huruhusu mfereji mwembamba uchimbwe kwenye njia ya waenda kwa miguu ili kebo ipite toka nyumbani kwako hadi kwenye gari. Bila ruhusa usiitandaze kebo hapo hata kama jirani anafanya hivyo. Bibi akijikwaa akavunjika nyonga, dhamana ni yako. Ipo pia ruzuku ya serikali ya kufunga chaja kwa wapangaji na wenye fleti walio na nafasi yao ya maegesho, na mwenye nyumba akiombwa kwa barua, akionyeshwa kuwa sehemu ya gharama italipwa, mara nyingi hulainika. Na kama unatafuta nyumba mpya ya kupanga au kununua, jua kwamba England, tangu Juni 2022, nyumba mpya zinazojengwa pamoja na maegesho hutakiwa kuwa na chaja.

"Bila chaja ya ukutani huwezi kitu"

Soketi ya kawaida ya matundu matatu hutoa kama kilowati 2.3. Inasikika kidogo, ila kwa saa kumi za usiku ni maili 80, na anayeendesha maili 7,000 kwa mwaka anatembea wastani wa maili 19 tu kwa siku. Mimi nilikaa miezi minane hivyo. Ninachosisitiza ni usalama: fundi umeme aliyesajiliwa akague nyaya kwanza, hasa katika nyumba za zamani, wala usitumie waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye kibiringo, kwa sababu hupata moto. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 huongeza maili kama 25 kwa saa, na kuifunga hugharimu kwa kawaida kama pauni 1,000. Tangu Juni 2022 sheria inataka chaja mpya za nyumbani ziweze kupangiwa saa za kuchaji, na hapo ndipo umeme wa bei ya usiku unapoanza kukufaa. Mita ya umeme nayo sharti iwe ile inayojisoma yenyewe.

"Nimelichukua kwa mkataba, kwa hiyo ni langu"

Hapa ndipo nimeona watu wakiumia, na sitapita haraka.

Mikataba ni ya namna tatu kubwa, na wengi husaini bila kujua wako kwenye upi. Wa kwanza huitwa PCH, nao ni kukodi tu. Unalipa kila mwezi kwa miaka miwili au mitatu, kisha unarudisha funguo. Hulimiliki gari hata siku moja. Mkataba hutaja maili za kila mwaka, na kila maili ya ziada ina bei. Tuseme umesaini maili 8,000 kwa miaka mitatu, bei ya ziada ni peni 10, nawe umerudisha gari likiwa na maili 33,000. Unadaiwa pauni 900. Wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, wanaozunguka nyumba kumi kwa siku, wahesabu maili zao kabla ya kusaini, si baada ya hapo. Mimi mwenyewe nililetewa bili ya rimu zilizokwaruzwa ukingoni mwa barabara, mikwaruzo ambayo sikuwahi hata kuitazama. Tangu siku hiyo huwa napiga picha kila pembe ya gari siku ya kulipokea na siku ya kulirudisha.

Wa pili ni PCP. Unatoa kianzio, unalipa kila mwezi, na mwishoni kuna malipo makubwa ya mara moja ukitaka gari liwe lako. Usipotaka, unalirudisha. Sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 inakupa haki ya kuvunja mkataba huu ukishalipa nusu ya deni lote, lakini nusu hiyo huhesabiwa pamoja na yale malipo makubwa ya mwisho, kwa hiyo hufikiwa kwa kuchelewa. PCH haina haki hiyo. Kuivunja mapema kunaweza kukugharimu sehemu kubwa ya malipo ya kukodi yaliyobaki.

Katika PCP gari linabaki mali ya mkopeshaji mpaka malipo ya mwisho yaishe. Kadi ya gari, ile V5C yenye jina lako, ni ya mtunzaji aliyesajiliwa. Si hati ya umiliki. Nalisema kwa sababu nimesikia zaidi ya mara moja mtu akipanga kulitia kwenye kontena gari la namna hii lishuke Mombasa au Dar es Salaam. Huko ni kusafirisha mali ya mtu mwingine. Na ukinunua gari lililotumika kutoka kwa mtu binafsi, lipa ada ndogo likaguliwe kama lina deni, kabla hujatoa hela.

Wa tatu ni wa kupitia mwajiri, ambapo malipo ya kukodi gari hukatwa kwenye mshahara kabla ya kodi ya mapato. Kwa wenye mshahara mzuri ndiyo njia ya nafuu kuliko zote, kwa sababu kodi unayotozwa kwa kupewa gari la umeme na mwajiri ilihesabiwa juu ya asilimia 3 tu ya bei ya gari mwaka 2025/26, ingawa kiwango hicho kimepangwa kupanda hadi asilimia 9 ifikapo 2029/30. Lakini watu huambizana kazini kwamba "kila mtu anapata". Si kila mtu. Makato hayaruhusiwi kuushusha mshahara wako chini ya kima cha chini cha kisheria, kwa hiyo anayelipwa karibu na kima hicho hukataliwa. Na dada anayetarajia mtoto ajue kwamba malipo ya kisheria ya uzazi huhesabiwa kwenye mshahara uliokwisha punguzwa.

Pamoja na hayo yote, kukodi kuna faida moja katika magari haya. Bei za magari ya umeme yaliyotumika zilianguka vibaya kuanzia mwishoni mwa 2022 na kuendelea 2023. Aliyekuwa amekodi alirudisha funguo akalala usingizi. Aliyekuwa amenunua kwa fedha taslimu ndiye aliyebeba anguko. Leo anguko hilohilo ni neema ya anayenunua la pili.

"Betri hufa baada ya miaka mitano, kama ya simu"

Betri ya gari ina mfumo wake wa kuilinda isichajiwe kupita kiasi wala isikauke kabisa, na magari mengi ya sasa huipoza kwa maji maalumu. Waranti ya kawaida ni miaka 8 au maili 100,000, kwa ahadi kwamba uwezo hautashuka chini ya asilimia 70. Haifi ghafla, huchakaa pole pole. Nissan Leaf za mwanzo hazikuwa na mfumo wa kupoza kwa maji, na baadhi zimepungukiwa sana. Hazifichi: kwenye dashibodi kuna vijisanduku 12 vya afya ya betri, vihesabu kabla ya kuuliza bei.

Uliza jambo moja zaidi. Renault Zoe nyingi za zamani, na Leaf chache, ziliuzwa gari bila betri. Betri ilikodishwa kwa malipo ya kila mwezi. Ukinunua gari la namna hiyo, unarithi na kodi yake. Likiwa la bei ya kushangaza, mara nyingi sababu ndiyo hiyo.

"Yanawaka moto hovyo. Hukuona Luton?"

Niliona. Oktoba 2023 jengo la maegesho la uwanja wa ndege wa Luton liliteketea na magari zaidi ya elfu moja yakaharibika. Kabla moshi haujatulia, simu zetu zilikuwa zimejaa ujumbe kwamba chanzo ni gari la umeme. Kikosi cha zimamoto cha Bedfordshire kilisema moto ulianzia kwenye gari la dizeli. Maelezo hayo hayakusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hata robo ya ule uvumi. Betri ikiwaka huwa ngumu kuzima na inaweza kuwaka upya, hilo ni kweli, na ndiyo maana ukigongwa upande wa chini gari lipelekwe kukaguliwa. Mvua haina tatizo. Soketi haipeleki umeme mpaka gari na chaja vikishasalimiana.

"Halilipi kodi ya barabara"

Lililipiwa sifuri mpaka 31 Machi 2025. Tangu siku iliyofuata, magari mengi ya umeme yalianza kutozwa kodi ya kawaida, pauni 195 kwa mwaka 2025/26. Msamaha wa ada ya msongamano katikati ya London ulikoma Desemba 2025. Sasa ni punguzo tu. Na kwenye bajeti ya Novemba 2025 serikali ilitangaza peni 3 kwa kila maili kuanzia Aprili 2028. Kwa yule wa maili 8,000 ni pauni 240 kwa mwaka, ziingize kwenye hesabu sasa hivi.

"Wakati wa baridi halitembei, na chaja zote ni mbovu"

Januari hupunguza umbali kwa moja ya tano, wakati mwingine zaidi. Lipashe joto asubuhi likiwa bado kwenye chaja, siyo likiwa barabarani. Kuhusu chaja, hali ilikuwa mbaya, na nimewahi kusimama kwenye mvua nikijaribu programu ya tatu kwenye simu wakati watoto wanalia nyuma. Kanuni za mwaka 2023 zimebadilisha mengi: tangu Novemba 2024 chaja za haraka sharti zipokee kadi ya benki, na kila mtandao wa chaja hizo unatakiwa ufanye kazi asilimia 99 ya muda. Safarini ishia asilimia 80 uondoke, kwa sababu zaidi ya hapo umeme huingia kwa kudondoka na wenzako wanasubiri.

"Dereva wa abiria London hana la kuchagua"

Ni kweli nusu. Tangu Januari 2023 gari linalosajiliwa kwa mara ya kwanza kwa kazi hiyo lazima liweze kutembea bila moshi. Hilo hakulichagua. Rafiki yangu Mkongo anaendesha usiku na anaishi fleti isiyo na maegesho. Mwaka wa kwanza alichaji kwenye chaja za haraka tu, na kila wiki faida ilikuwa ikimponyoka. Tulikaa mezani kwake tukapiga hesabu ileile niliyoiweka hapo juu, isipokuwa kwa maili zake, ambazo ni nyingi mara tano. Sasa akimaliza kazi saa nane za usiku hulaza gari kwenye nguzo ya taa mtaa wa nne kutoka kwake, halafu hutembea dakika kumi na mbili hadi nyumbani.