Pete ya Maombi Matatu na Nafasi ya Nne

Jumapili moja mchezaji wangu aliweka penseli mezani, akanitazama usoni, akasema, "Kaka, natumia pete. Naomba mpiganaji wangu aweze kufungamana na vifaa vinne." Meza nzima ikanyamaza. Sikumjibu papo hapo, maana nilimwona mwenzake upande wa pili akiigeuza karatasi ya mhusika wake kifudifudi, taratibu, bila neno. Huyo alikuwa akicheza fundi sihiri.

Asiyecheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mtu anaigiza mhusika wake na dadu huamua mambo, hataona kwa nini mtu anyong'onyee kwa sentensi fupi namna hiyo, kwa hiyo nieleze. Katika toleo la tano la mchezo, vifaa vingi vyenye nguvu za sihiri havikufanyii kazi mpaka ufungamane navyo, na kila mhusika ana nafasi tatu tu za kufungamana. Ukiwa na upanga, ngao na joho, umejaza. Ukiokota mkufu mzuri kiasi gani, sharti uachilie kimoja. Katika sheria za kabla ya mwaka 2024, fundi sihiri peke yake, aina ya mhusika iliyoingia rasmi katika toleo hili mwaka 2019, ndiye aliyeruhusiwa kupita hapo: akifika ngazi ya 10 anapata nafasi ya nne, ngazi ya 14 ya tano, ngazi ya 18 ya sita. Hapigi kama mpiganaji, wala hana hazina ya sihiri kama msihiri. Fahari yake ni vifaa. (Nasema "msihiri" wala sisemi "mchawi", kwa sababu kwetu mchawi ni mtu anayeroga jirani usiku, na neno hilo limewahi kunifukuzia wageni kabla hawajashika dadu.)

Ombi la mpiganaji, basi, lilikuwa linachukua alichokisubiri mwenzake kwa ngazi kumi na kumpa mtu mwingine kwa pumzi moja.

Sihiri yenyewe inaitwa Wish. Ni ya daraja la 9, la juu kabisa, na msihiri huipata akifika ngazi ya 17. Wengine huikuta ndani ya pete yenye maombi matatu, kama huyu wangu. Kitabu cha sheria cha toleo la tano, cha mwaka 2014, kinaipa matumizi ya aina mbili, na tofauti kati yake ndiyo inayowapita wachezaji wengi. Matumizi ya kwanza ni salama: unaiga sihiri nyingine yoyote ya daraja la 8 kwenda chini, bila kutafuta malighafi zake, na hudhuriki hata kidogo. Matumizi ya pili ni mengine yote. Yapo yaliyotajwa, kama kuunda kitu kisicho cha sihiri chenye thamani ya hadi vipande 25,000 vya dhahabu, kuwaponya viumbe hadi 20, au kulazimisha dadu iliyorushwa muda mfupi uliopita irushwe upya. Halafu upo mlango ulioachwa wazi: omba chochote, na mwendesha mchezo, yaani anayesimulia na kusimamia sheria kama mimi, ataamua.

Anayeingia mlango wa pili analipa kwa mwili wake. Alama yake ya Nguvu inashuka hadi 3 kwa siku kadhaa, idadi ya dadu mbili za pande nne. Mpaka apumzike usiku mzima, kila sihiri atakayotumia inamuumiza. Na kuna uwezekano wa asilimia 33 kwamba hataweza kutumia Wish tena maishani.

Mimi naipenda bei hii, na nimeona waendesha mchezo wengi wakiisahau kwa sababu macho yao yako kwenye mtego wa maneno. Wamelelewa kuamini kwamba kazi yao ni kupindisha ombi. Mtu akiomba adui wake mkubwa afe, kitabu chenyewe kinataja kwamba anaweza kujikuta ametupwa mbele katika wakati ambapo adui huyo hayupo tena. Desturi hii ni ya zamani. Katika kitabu cha viumbe cha mwaka 1977 yumo efreeti, ambaye sisi tunamjua tangu utotoni kwa jina la afriti, anayeweza kulazimishwa kutumika kwa siku 1,001 au kuachiliwa akishatimiza maombi matatu. Namba hiyo haikuokotwa barabarani; aliyelala huku bibi akisimulia habari za Alfu Lela Ulela anaisikia mara moja. Jini aliyefungwa kwenye chupa ana sababu ya kukukomoa: umemfunga. Akipindisha maneno yako, hadithi inasonga mbele na kila mtu anaelewa chuki imetoka wapi.

Lakini pete haina kinyongo na mtu. Ukimpindishia mchezaji ombi lililotoka kwenye pete, anayemkomoa ni wewe, na anajua. Mara ya pili atakuja na ombi la kurasa mbili lenye vifungu kama mkataba wa kupangisha nyumba, na saa nzima ya mchezo itakwisha mkibishana juu ya koma. Niliendesha meza ya namna hiyo kwa karibu mwaka mzima. Sirudii.

Ninachofanya sasa ni kujiuliza swali moja kabla ya kufungua mdomo: sheria inayoombwa ivunjwe inamlinda nani?

Zipo sheria za mhusika zinazolinda sura ya dunia tu. Mfano wangu ninaoupenda ni dwafu, mtu mfupi wa hekaya. Katika sheria za mwaka 1978, zile za Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa mchezo, dwafu hakuruhusiwa kabisa kuwa msihiri. Hakukuwa na hesabu ya kukwepa wala ngazi ya kusubiri, mlango ulifungwa. Kwa nini? Kwa sababu watu wa mawe na nyundo hawakupaswa kuonekana wakisoma vitabu vya sihiri. Mchezaji wa wakati ule aliyeomba dwafu wake ajifunze sihiri hakuwa anamnyang'anya mtu yeyote mezani chochote. Alikuwa anaomba awe wa kwanza katika ukoo wake, na hiyo ni hadithi ya kuchezwa miezi sita. Mwaka 2000 toleo la tatu likaondoa katazo hilo, na tangu hapo dwafu yeyote anafungua kitabu cha sihiri bila kuomba ruhusa. Sheria ya namna hii naivunja kwa moyo mweupe.

Zipo nyingine zinazolinda hesabu ya mchezo. Toleo la tano linasema huwezi kushikilia sihiri mbili za umakini, zile zinazodumu mradi tu hujapoteza umakini wako, kwa wakati mmoja. Ukimwachia msihiri mmoja avuke hapo, vita vyote vilivyobaki vinageuka kuwa vyake na wengine wanakuwa watazamaji. Hiyo siigusi, hata kwa ombi lililotungwa vizuri namna gani.

Alama za uwezo, zile namba zinazopima Nguvu ya mhusika na sifa zake nyingine, ziko katikati, na historia yake inafundisha. Mwongozo wa mwaka 1979 uliruhusu ombi kuongeza alama moja, lakini uwezo ukishafika 16, kila ombi likawa linaongeza sehemu moja ya kumi tu. Ungehitaji maombi kumi kufika 17. Toleo la tatu likaweka bei nyingine: alama 5,000 za uzoefu kwa kila ombi, na nyongeza isiyozidi 5 kwa uwezo mmoja. Toleo la 2014 halisemi kitu, kwa hiyo mimi natazama vilivyokwisha kuruhusiwa. Vipo vitabu vya sihiri ambavyo mhusika akivisoma kwa saa 48, ndani ya siku zisizozidi sita, uwezo wake unapanda kwa 2 na ukomo wake wa 20 unapanda pamoja nao. Ikiwa kitabu kilichookotwa pangoni kinaweza hivyo, sioni kwa nini sihiri kuu kuliko zote ishindwe. Naruhusu hadi hapo. Sheria mpya za mwaka 2024 nazo zimeelekea huku: Wish sasa inakuwezesha kubadilisha kipaji kimoja cha mhusika wako kwa kingine unachostahili. Waandishi wamekubali kwamba karatasi ya mhusika ni kitu kinachoweza kuombewa, na nilipoisoma sehemu hiyo nilifurahi kweli.

Kundi la tatu ndilo gumu: sheria zinazomlinda mwenzako. Nafasi ya nne ya kufungamana haivurugi hesabu sana. Mpiganaji mwenye vifaa vinne hatabomoa mchezo. Lakini ilikuwa ahadi kwa mtu mwingine aliyeketi pale pale, na mwendesha mchezo hana haki ya kugawa ahadi ya mtu bila mwenyewe kuwepo kwenye mazungumzo.

Kwa hiyo nilisimamisha mchezo, nikamwambia mpiganaji: "Dada, sikukatalii. Ila nieleze, unataka nafasi ya nne ufanye nayo nini?" Ikatoka kwamba hakuwa na haja na nafasi nne. Alikuwa na upanga aliorithi kwa babake katika hadithi, na ngao aliyopewa na mji aliouokoa, na pete ya ulinzi, na sasa tumepata joho ambalo kila mtu alimwambia ni lake. Hakutaka kuuacha upanga wa babake sandukuni. Basi.

Nikamgeukia fundi sihiri. "Kaka, kuna njia?" Akaigeuza karatasi yake uso juu. Akafikiri, akauliza kama ombi linaweza kuyeyusha kilicho kati ya vitu viwili bila kuua sihiri ya kimoja. Wakaanza kuongea wao kwa wao, mimi nikanywa chai. Baada ya kama dakika kumi ombi likatoka kwa sauti ya mpiganaji, lakini kwa maneno waliyoyatunga wote wawili: upanga na ngao viwe kitu kimoja, chenye roho moja, kikiundwa kwa mikono ya fundi wetu. Kifaa kimoja, nafasi moja. Sheria imepinda, na fundi bado ndiye peke yake mwenye nafasi ya nne.

Nikakubali bila kupindisha hata silabi. Kisha nikadai bei. Mpiganaji akarusha dadu za asilimia: 61, na alichohitaji ni kupita 33, kwa hiyo maombi mawili yaliyobaki kwenye pete bado ni yake. Akarusha dadu mbili za pande nne, zikasoma 5. Siku tano akiwa na Nguvu 3, maana yake hawezi kubeba zaidi ya ratili 45, wakati vazi lake la chuma peke yake lina ratili 65.

Wakamvua vazi lile, wakaligawana vipande vipande kwenye mizigo yao. Kifua cha chuma alikibeba fundi.