Kitabu cha sheria kipo kwenye simu yako, tupunguze kubishana

Mwaka 2019 nilikuwa napuliza mechi ya mpira ya madogo wa U13 (chini ya miaka 13) huku Mbagala, bonanza la kawaida tu, mshindi anaondoka na mbuzi. Kipa akapiga goli kiki fupi, ule mpira wa kuanzishia golini, beki wake akaupokea ndani ya kumi na nane, yaani boksi la mbele ya goli, mpira haujatoka, mi nikapuliza nikasema rudia. Watu wakanung'unika, nikawaambia sheria ni sheria. Mechi ilivyoisha dogo mmoja akanifuata, "shikamoo refa", nikaitikia marahaba, ndo akasema kwa adabu zote, "ila ile goli kiki wamebadilisha, kwenye TV wanapasiana humohumo ndani." Nikamwambia nenda kanywe maji. Usiku nikaangalia, dogo yuko sahihi kabisa, kuanzia tarehe 1 Juni mwaka ule ule mpira unahesabika uko mchezoni ukishapigwa tu na ukaonekana umesogea, habari ya kusubiri utoke kwenye boksi ilishaisha.

Aibu niliyoipata siku ile ndo imefanya niandike hii. Nimekuwa refa wa mchangani miaka mingi, sasa hivi nafundisha madogo, na kila wiki kuna kocha au mzazi ananiuliza kozi zipo wapi, vitabu vinauzwa wapi. Jamani, vingi ni vya bure. Shida yetu hatusomi, tunapuliza na kufundisha kwa sheria tulizozisikia utotoni.

Anza na IFAB, bodi ya kimataifa ya sheria za mpira. Hawa ndo wenye sheria 17 za mpira, wapo tangu 1886, na wanazirekebisha karibu kila mwaka, mara nyingi mabadiliko yanaanza tarehe 1 Julai. Wana tovuti na wana programu ya simu ya bure. Ukiona bando linakutesa, pakua ile PDF siku ukikaa sehemu yenye waifai, irushe kwenye grupu la WhatsApp la timu, na zile kurasa za kuotea (offside) kazitoe kopi steshenari ukae nazo. Kuotea ndo kesi kubwa kwa madogo. Nimeona mshika kibendera ananyanyua kwenye mpira wa kurusha! Ukipokea moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, kona au goli kiki hakuna kuotea, na ukiwa unapima nani kaotea, mkono hauhesabiki kabisa, wa mshambuliaji na wa beki pia, hata wa kipa.

Halafu kuna kitu ndani ya kile kitabu makocha wengi hawajawahi kukiona, kipo mwanzoni kabla hata ya sheria namba 1. Kwa mpira wa vijana, wanaruhusu shirikisho la nchi kupunguza ukubwa wa uwanja, goli, mpira wenyewe, muda wa mechi, na aliyetolewa sabu kurudi tena ndani. Yaani wenye sheria wenyewe wanajua mtoto sio mtu mzima mfupi. Sisi huku unakuta watoto wa miaka 9 wako kumi na moja kwa kumi na moja, uwanja mzima, goli la mita 7.32 kwa 2.44, kipa hata akiruka hafiki nusu ya njia, na mpira ni saizi 5, ile ya wakubwa, kwa sababu ndo uliopo. Hapo dogo anayeshinda ni yule mwenye mguu mzito, anapiga juu ya kipa, basi, watu wanashangilia eti ana kipaji. Kwa wa miaka 9 mpaka 12 tafuta saizi 4, wadogo zaidi saizi 3, weka goli dogo hata la mawe, cheza wanne kwa wanne. Kila mtoto anagusa mpira mara nyingi, hakuna wa kusimama pembeni anachezea mchanga.

Makocha, nendeni pia kwenye tovuti ya FIFA Training Centre. Kuna mazoezi yenye video na michoro na hulipi. Kama Kiingereza kinakusumbua, zima sauti uangalie koni zimekaaje na wachezaji wanazungukaje, utaelewa. Haichukui nafasi ya leseni, ukitaka kufundisha kwa makaratasi ulizia kozi za TFF, shirikisho la mpira Tanzania, leseni za CAF, shirikisho la Afrika, kwa mpira wa vijana zinaanzia daraja D.

Kitu ambacho ningekulazimisha kama ningeweza ni programu ya FIFA inaitwa 11+ Kids. Hii ni ya kupasha mwili kwa watoto chini ya miaka 14, mazoezi saba, dakika 15 mpaka 20, haihitaji kifaa zaidi ya mpira. Kuna kukimbia na kusimama ghafla, kurukia mguu mmoja, kutambaa kama buibui, mpaka kubiringita ili mtoto ajifunze kuanguka bila kuvunja mkono. Walipoijaribu Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Cheki majeraha yalipungua karibu nusu. Linganisha na zile raundi tano za kuzunguka uwanja tunazowapa huku sisi tumekaa kwenye tofali tunachati. Wakubwa wana ya kwao, FIFA 11+, mazoezi 15. Ila ukifanya leo ukaacha wiki mbili hupati kitu, inataka angalau mara mbili kwa wiki.

Kwa wachezaji wenyewe sina mengi. Ukuta na mpira vinatosha, zile chenga za YouTube utajifunza baadaye. Ila dogo ukiwa na miaka 11 mpaka 14 ukasikia maumivu chini ya goti, pale penye kinundu, usikaze tu eti mwanaume. Mifupa inakua haraka na msuli unavuta pale, sema kwa kocha upunguziwe kukimbia na kuruka, na nyumbani wakupeleke hospitali waangalie.

Na kichwa, tafadhali. Dogo akigongwa akawa anapepesuka au hajui matokeo ni ngapi, tunammwagia maji tunasema yuko fiti. Hapana. Anatoka na siku hiyo harudi, hata kama ni fainali na mbuzi yuko pale anaangalia. Uingereza tangu 2020 wameshauri watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kabisa kupiga vichwa mazoezini, nami kwa wa kwangu wadogo nimeacha, mzazi mmoja kanuna ila atazoea.

Marefa wenzangu, msimu wa 2025/26 ulikuja na lingine. Kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 ni kona, sio ile faulo ya zamani ya sekunde 6 ambayo ni nadra sana kuona refa anaipuliza. Unanyanyua mkono unahesabu kwa vidole zile tano za mwisho. Niliwaeleza madogo wangu Jumamosi moja, kosa kubwa, sasa kila mechi wanajipanga nyuma ya goli wanahesabu kwa sauti tano, nne, tatu, na kipa wetu mwenyewe akisikia vile anachanganyikiwa anautupa mpira nje.